Watashi Ga

Tororo, Jumatano, 1967

Nimefukuzwa kiwandani kwa silabi moja.

Okumu, mwenzangu wa kwenye mitambo, ndiye aliyekuwa akinifundisha Kijapani. Aliniambia "mimi" ni watashi ga, basi. Leo fundi mkuu, Mjapani, alikuta pampu imevunjika akafoka: "Dare ga?" Nilijua dare ni "nani". Nikadhani anatafuta wa kumsaidia, nikajitokeza mbele ya wote: "Watashi ga!"

Kumbe nilikuwa nakiri.

Okumu alinifuata hadi getini, anacheka. "Ndugu yangu, 'watashi wa' ni mimi tu. 'Watashi ga' ni mimi ndiye, si mwingine. Na kusema kweli, hiyo pampu ni mimi niliyeivunja."

Mke wangu ameniuliza kama Kijapani kinaendelea. Nimemjibu kinaendelea vizuri.