Mkungu Umerudi Nyumbani

Jumapili jioni

Nimeshindwa kuupika. Umekaa tu pale jikoni, mkungu wa ndizi nilioukata mwenyewe asubuhi nikaupeleka kanisani kama sadaka.

Kwenye mnada baada ya ibada, wenzangu waliishia elfu kumi na tano. Elibariki, mtoto wa jirani yangu, mwenye ile kampuni ya sarafu za mtandaoni, akataja laki tatu. Watu wakapiga makofi. Mchungaji akaiombea kampuni yake baraka.

Ndiyo kampuni tuliyowekeza sisi. Mimi niliuza ng'ombe wawili. Wiki iliyopita nilimfuata ofisini kwake Kisongo kumuuliza pesa zetu zinafanya kazi gani. Akasema bado wanatengeneza mfumo, nivumilie.

Leo nimeziona zinavyofanya kazi. Naogopa hazitarudi.

Halafu akaubeba ule mkungu, akaniletea mbele ya watu wote. "Shikamoo mama. Chukua, ukawapikie wajukuu."

Nilitaka kumuuliza tena, palepale. Lakini usharika mzima ulikuwa unanitazama kwa furaha, na mimi...

Niliitikia marahaba. Nikasema na asante.