Bawaba ya Miwani ya Dada Filomena

Jumatatu, Mbinga. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba na sijaliona jua tangu niamke. Vidole vimekufa ganzi lakini moyo una joto, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Shajara, leo nina shukrani nyingi kuliko madebe ya kahawa yaliyoko uani, na wanaonijua wanajua kahawa yangu huwa inazaa namna gani.

Nimerudi jana jioni kutoka ziwani. Nilikuwa Chiwanda kwa dada yangu Filomena, mkubwa wangu wa kunifuata kwa juu, aliyeolewa kule na Mnyasa zamani nikiwa bado sina ndevu. Dada ni fundi cherehani. Jana watoto wa kigango chao walikuwa wanapokea komunyo ya kwanza, na magauni meupe ya mabinti wote yalikuwa mikononi mwake. Wiki ilipoanza yalikuwa yameshakatwa, yameshaungwa, yamebaki kupindwa na kutiwa vishikizo kwa mkono. Hiyo ndiyo kazi inayotaka macho.

Na macho ya Dada ni miwani.

Alinipigia simu katikati ya wiki. Mkono wa kulia wa miwani, yaani ule ujiti unaokaa juu ya sikio, ulikuwa mgumu kufunguka, unalia kama mlango wa ghala, halafu hapo hapo unacheza. Akiinama kushona, miwani inateleza na kuangukia kitambaa. Aliogopa ungekatika kwenye bawaba kabla ya Jumapili. Miwani yenyewe ni ya kupimiwa, aliipata Songea, na kama angekwenda Songea kutafuta nyingine angewaacha watoto wa watu na magauni yasiyo na pindo. Kushona bila miwani hawezi. Anaweza kujishona kidole.

Nikamwambia asimwite mtu yeyote. Mimi niliyeliondoa lori barabarani nishindwe na miwani?

Hilo la lori nilieleze kwa asiyelijua. Lori la makaa ya mawe lilikuwa linatoka Ngaka, limejaa makaa mpaka yanamwagika pembeni, likakwama mlimani. Tangi la mafuta limetoboka, dereva amekaa chini analia. Nikapita na baiskeli yangu. Nikatoa mfukoni kipande cha sabuni ya kufulia, nikaziba tundu, nikalipiga tairi teke moja, lori likapanda mlima. Wapo wanaosema lilikuwa tupu. Hawakuwepo.

Basi, Alhamisi nikashuka. Kutoka hapa mpaka Mbamba Bay kwa basi dogo, kisha bodaboda kandokando ya ziwa, bisibisi zangu kwenye mfuko wa shati. Mimi niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa, lakini chuma kinanifahamu.

Nilimkuta barazani nyuma ya cherehani, pale inapopita njia ya kwenda ziwani. Nikampa shikamoo. Akaivua miwani, akaitikia marahaba, akaniuliza kama nimekuja na dawa ya miwani au nimekuja na njaa.

Nilikuwa nimekuja na vyote.

Niliikagua bawaba nikatamka kwa sauti ya daktari kwamba inataka mafuta. Jikoni kulikuwa na chupa ya mawese. Nikachovya njiti ya kiberiti, nikadondoshea pale penye skrubu, nikafungua na kufunga, nikafungua na kufunga. Kelele zikaisha. Mkono ukawa unakwenda kama samaki majini. Shemeji yangu, mtu asiye na maneno mengi, akanitikisia kichwa kwa heshima, nami nikakaa kwenye ugali na samaki wa mbasa wa kukaanga kama mtu aliyemaliza kazi.

Lakini mwezi huu mwera unavuma. Anayelijua ziwa la upande wetu anaujua upepo huo. Unatoka kusini, unanyanyua mchanga mwembamba pale ufukweni wanapoanika usipa, wale dagaa wa ziwani, na kuuleta mpaka ndani ya kikombe cha chai. Yale mawese yalikuwa mengi, yametuna kwenye bawaba. Mchanga uliopita pale ulinata. Na mafuta yenye mchanga ni msasa, hata mtoto wa chekechea angenieleza. Kila Dada alipofungua miwani yake, chuma kilikuwa kinasaga chuma.

Ijumaa asubuhi ikawa inakwaruza kuliko nilivyoikuta. Na kuna baya zaidi. Dada aliivua ili amwamkie mzee mmoja aliyekuwa anapita, akaiweka juu ya gauni lililokuwa mapajani. Alipoinyanyua, palikuwa na doa jekundu kwenye kitambaa cheupe.

Akaivaa tena miwani, akaliinamia.

Nimewahi kukimbizwa na kiboko kwenye mto Ruhuhu, na nilikimbia huku nikimtania. Lakini kule kuinama kwa dada yangu kulinitoa jasho mpaka kwenye nyayo. Niliona mtoto wa watu akienda altareni na doa la mboga kwenye gauni, mama yake akilia, na jina langu likitajwa.

Akaligeuza gauni taratibu. Akapima kwa vidole kutoka ukingoni. Doa lilikuwa sehemu ile inayokunjwa kwa ndani.

“Mungu amekuokoa, Osmundi,” akasema. “Lingepanda juu kidogo, hili gauni ungelivaa wewe.”

Nikaichukua miwani nikaenda kukaa peke yangu kwenye ngazi.

Kilichoniuma ni kwamba jambo lenyewe nalijua. Mashine yangu ya kumenya kahawa siitii grisi mpya mpaka nimeiosha ya zamani yote, na grisi yenyewe naipaka kiasi, siimwagi. Kila msimu nafanya hivyo. Chuma kikubwa nakiheshimu, chuma kidogo nakidharau.

Wakati huo Dada, kwa kuwa sasa hakuwa na miwani, alikuwa anaandaa nyuzi kwa kupapasa. Alikuwa na kipande cha nta ya nyuki, kimezeeka mpaka kimekuwa cheusi kama sukari guru, na kila uzi aliuvuta juu yake mara moja. Nikamuuliza nta ni ya nini.

“We si fundi?” akasema bila kunitazama. “Uzi upite, usikwaruzane na kitambaa. Na usishike uchafu.”

Usikwaruzane. Usishike uchafu. Shajara, nilisimama kama nimechomwa sindano.

Niliomba maji ya vuguvugu, sabuni, mswaki wa zamani na sahani nyeupe. Sahani ni kwa ajili ya skrubu, maana skrubu ya miwani ni ndogo kuliko punje ya ulezi, na ikiangukia kwenye mchanga wa Chiwanda utaipata siku ya kiama. Nikaifungua. Bawaba ina vidole vinavyoingiliana, viwili upande mmoja na kimoja katikati, na skrubu inapita humo ndani. Nikasugua kila kidole. Lilitoka tope jeusi lenye wekundu, na ndani yake vichembe vinavyong’aa. Hivyo vichembe vilikuwa bawaba yenyewe, inaliwa. Nikasuuza, nikafuta, nikaianika kwenye kivuli mpaka ikakauka kabisa.

Kisha nta. Kidogo tu. Nikaipitisha skrubu juu ya kile kipande kama Dada anavyopitisha uzi, nikapaka ukungu wa nta kwenye vidole vya bawaba, nikafuta iliyozidi. Nta ikishakaa ni kavu. Mchanga unapita na safari yake.

Kwenye kukaza ndipo nilipojizuia, na hapo naomba nipewe haki yangu, kwa sababu mimi kwa kawaida nikishika bisibisi nakaza mpaka kitu kinaomba msamaha. Safari hii nilikaza nusu, nikaushikilia mkono umelala hewani. Ukaanguka. Nikaongeza robo mzunguko. Ukabaki pale pale hewani, na nilipousukuma kwa kidole ukaenda bila kulia. Nikaacha hapo. Kuongeza hata kidogo ingekuwa sifa tu.

Dada akaivaa, akainamisha kichwa, akakitikisa. Haikuanguka. Akachukua sindano akaendelea, na hakunipongeza. Mkubwa wako akirudi kazini bila kusema neno, hayo ni makofi.

Ningeweza kuondoka hapo. Lakini kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua: bawaba ya kushoto ilikuwa nzima, kama iliyonunuliwa jana. Kwa nini ya kulia tu ndiyo iliyochakaa? Nikakaa nikamtazama.

Nikaona. Nyumba ya Dada iko kwenye njia ya ziwani, na hakuna anayepita bila salamu. Kila anayepita, Dada anaivua miwani. Mkono wa kushoto umeshika kitambaa kisitoroke, wa kulia unaikamata miwani kwa upande mmoja, unaivuta, unaikunja kifuani. Salamu ikiisha anaifungua tena kwa mkono ule ule. Mzee, mama mkwe, mwalimu, mbeba samaki. Asubuhi mpaka jua linazama. Bawaba ya upande mmoja ndiyo inayobeba salamu za kijiji kizima.

Nikamwambia aache kuivua.

“Nimsalimie baba mkwe na vioo usoni?” Aliivua, akanikazia macho kana kwamba nimetukana. “Mama alitufundisha hivyo?”

Hakutufundisha hivyo. Mama alitufundisha kwamba unapomsalimia mtu unampa uso wako, usiuzibe hata kwa ukingo wa khanga. Hapo sikubishana. Heshima ya Dada siwezi kuitengeneza kwa bisibisi, na sitaki.

Basi nikachukua nyuzi zake zilizopakwa nta, nikazisuka zikawa mshipi mrefu, nikafunga ncha moja mkono huu wa miwani na ncha nyingine mkono ule. Sasa akitaka kusalimu anaishusha tu, inaning’inia kifuani ikiwa wazi vile vile. Hakuna kukunja, hakuna kuvuta upande. Shemeji alisema inamfanya afanane na katibu wa kijiji. Dada alisema katibu wa kijiji ana bahati.

Magauni yakaisha Jumamosi kabla ya chakula cha mchana.

Jana kanisani mabinti walipita mbele kwa mstari, weupe kama maua ya kahawa baada ya mvua. Mimi najua lipi lina doa ndani ya pindo. Mwenye gauni hajui, na alikuwa anatembea kwa maringo kuliko wote. Nilimshukuru Mungu pale kwenye benchi, kimyakimya, jambo ambalo silifanyi mara nyingi. Kukaa kimya, namaanisha.

Ningeishia hapo, lakini jambo ninaloshukuru zaidi lilitokea wakati wa kuagana.

Bodaboda alishafika. Nilikuwa namsimulia dereva habari ya lile lori la Ngaka ili ajue amembeba nani. Dada akatoka ndani na mfuko wa usipa wa kunifungashia, mzito, ameukumbatia kwa mikono yote miwili. Miwani ilikuwa usoni, na hakuwa na mkono wa kuishushia.

Kwa mara ya kwanza tangu alipoipata miwani ile, dada yangu alinitazama kupitia vioo. Siku zote huwa ananipa heshima yangu, anaivua.

“Osmundi, hizi mvi zimeanza lini?”

“Vumbi la njiani, Dada.”

“Na hiyo nyusi?”

“Nyusi gani?”

“Ya kushoto. Umesema vumbi, imepanda.”

Dereva akageuka kunitazama. Dada akasogea karibu, na usipa wake kifuani. “Hebu rudia hapo kwenye lori. Lilikuwa na nini?”

Nikajikaza uso mzima. “Makaa. Limejaa mpaka yanamwagika.”

Dada akaanza kucheka taratibu, kisha akacheka mpaka Shemeji akaja kumpokea mfuko. Dereva alikuwa ameulalia usukani. Mimi nilikuwa nimeshika nyusi yangu.

“Miaka yote nakuamini,” Dada akasema, anafuta machozi chini ya vioo. “Kumbe nilikuwa sikuoni.”

Sasa mikono yake ilikuwa huru. Nilisubiri aishushe miwani. Hakuishusha. Akaendelea kunitazama, mvi, makunyanzi na vyote, mpaka nikaona haya.

“Umefanana na baba,” akasema. “Hata yeye ilikuwa inapanda hivyo hivyo.”

Nilipanda bodaboda nimeukumbatia ule mfuko wa usipa. Njia nzima mwera unanipiga usoni, na nilikuwa nawaza jambo moja: kuna mtu duniani amenitazama vizuri, ameona kila kitu, na bado amenifungashia usipa.

Ukungu umeanza kupanda. Nasikia jirani anazungusha mashine yake ya kahawa, inalia, haijaoshwa, nitamwendea.

Krismasi nitashuka tena Chiwanda kukagua ile bawaba. Najua ataniomba hadithi, na najua miwani itakuwa usoni. Nimejiuliza tangu asubuhi nitafanyaje. Lile lori siliondoi kwenye hadithi, na mlima wenyewe ni mkali kweli.

Nitalipunguzia makaa tu.