Waya Nilioufuta

Jumatatu, 2 Juni

Asubuhi picha nne za pasipoti hapa dukani. Mchana picha za harusi ya mtaa wa Huruma. Bwana harusi ana chunusi mpaka shingoni. Nimezifuta chunusi zote.

Jioni, kazi yangu ya raha. Jana baada ya kanisa nilipita kwa Baba, upande wa Kaptagat, nikampiga picha korongo mwenye taji kwenye kinamasi chini ya shamba. Sasa namgeuza kwenye kompyuta awe kama mchoro wa rangi ya mafuta. Nimetoa jerikeni la njano, kijiti kilichochomoza majini, na majani makavu yaliyokatiza karibu na mguu. Kisha brashi pana kwenye nyasi, nyembamba kwenye taji. Amesimama kwa mguu mmoja, mabawa nusu wazi, anataka kucheza. Leo nimejipenda. Mimi si mchezo.

Jumanne, 3 Juni

Stima ilipotea hadi saa kumi. Iliporudi nikamalizia macho. Mama Njeri, mwenye duka la vitambaa mlango wa pili, aliona akashika mdomo. Anataka kubwa, ya sebuleni. Kichwa kimenivimba, nakiri.

Jumatano, 4 Juni

Nimechapisha ile kubwa, nikamtundikia Mama Njeri sebuleni kwake. Nzuri mno.

Alhamisi, 5 Juni

Nimempelekea Baba nakala ndogo. Nilitarajia afurahi kuliko wote. Sisi ni ukoo wa kong'ony, ndivyo tunavyomwita korongo huyu. Mtoto wa kwetu hamrushii jiwe. Akimkuta njiani, anampisha. Hayo nilifunzwa kabla ya kuhesabu.

Baba alitazama. Akaenda nayo mlangoni penye mwanga. "Huyu mguu ingine amefanya nini?"

Nikacheka. Ndege husimama hivyo. Akatikisa kichwa. Akipumzika anaukunja tumboni, alisema. Wa huyu umenyooka nyuma. Huyu anavutwa.

Nimerudi dukani mbio. Nimefungua picha ile ya kwanza, kabla sijaigusa. Nimeikuza. Si majani. Ni waya. Umezunguka mguu, umekaza, unaenda hadi kwenye kile kijiti. Ni kigingi.

Ili kuufuta, niliikuza picha hadi mguu ukajaa skrini. Nilifuta kipande kwa kipande, polepole, huku nikiimba. Hakuna mtu aliyeutazama waya ule zaidi kuliko mimi. Sikuuona.

Nimempigia Baba. Giza limeingia, kinamasi kimejaa. Tutaenda kukipambazuka.

Ijumaa, 6 Juni

Tumechelewa.

Tulishuka mimi na Baba, na koleo ya kukatia. Kigingi kipo. Waya upo. Korongo amelala ubavu, taji kwenye matope.

Mama Sila, jirani anayekata nyasi ya ng'ombe pale, alikuja akasimama nasi. Hajui ni nani alitega. Alisema ndege alipigapiga mabawa mpaka Jumanne jioni, naye aliogopa kumkaribia. Kisha akaniangalia mimi. "Si nilikuona Jumapili na camera? Nikasema basi, Chebet ameona, ataambia mzee."

Nilikaa chini palepale, kwenye maji.

Jumatatu alikuwa hai. Nilipokuwa nikimpaka rangi alikuwa hai, na mimi nilikuwa na picha yake mezani, waya na kila kitu. Na yale mabawa nusu wazi. Hakuwa akicheza.

Baba hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alivua kofia, akakata waya, akamfunika kwa nyasi. Mwenzake alikuwa ng'ambo ya maji, anaita, anaita. Najichukia.

Jumamosi, 7 Juni

Nimemweleza Mama Njeri. Aliketi kwanza. Ile picha haitaki tena. "Hiyo siwezi angalia nikikula." Nimeing'oa ukutani mimi mwenyewe.

Jumapili, 8 Juni

Sikuenda kanisani. Nimefungua mchoro na kuurudisha waya, kwa brashi ileile. Kurudisha ni kugumu kuliko kufuta. Kila nikivuta mstari natamani kuufanya mwembamba kidogo, usionekane sana. Nimeufanya ulivyokuwa. Na kigingi. Na jerikeni.

Baba ameomba hiyo. Ameitundika palipo na picha ya marehemu Mama.

Jumatano, 11 Juni

Mvua tangu asubuhi. Wateja wawili tu.

Wa pili ni mzee mmoja wa Langas, anataka picha ya kuwaachia wajukuu. Ana kovu, kutoka sikioni hadi kidevuni. Aliniomba nilitoe. Kwangu hiyo ni kazi ya dakika moja.

Nilishika kipanya. Kisha nikakiachilia, nikamuuliza kovu lilitoka wapi.

Alinitazama kidogo. Akavuta kiti, akaanza kuniambia.