Jina Langu Kwenye Kioo cha Mashine

Jumamosi, 10 Mei

Nimefungua duka saa mbili. Nimefagia, nimepangusa meza, nimewasha pasi ya kuchomea risasi. Kama kawaida.

Mji wa Kale una mafundi wengi wa kukaza skurubu. Wa kuzungumza na chipu ni mmoja, naye ndiye anayeandika hapa. Kuna meli ilipata kukwama bandarini siku tisa, wahandisi kutoka Ulaya wameshindwa. Nikaitwa mimi, na bisibisi moja. Nahodha alitaka kunioza bintiye, nikamwambia asante, nina mke.

Jana tumemwoza Zuhura, mwana wa kakangu. Sasa yuko fungateni Majengo, siku saba na mumewe. Hatoki, haonekani. Somo wake, Bi Rukia, anayemwangalia fungate nzima, amefungia simu na kompyuta yake sandukuni, ufunguo kaufunga pindoni mwa leso. Yule mama akifunga kitu kimefungwa.

Mashine aliyoiunda iko kwangu. Inapima joto la chumba baridi cha dawa, kila kipimo inakiandika kwenye flashi. Ni ya Bwana Hatim wa Mbaraki, mteja wa kwanza wa Zuhura tangu aache kazi ya kuajiriwa. Ijumaa Hatim anaichukua. Akiipenda ataagiza kumi na mbili. Asipoipenda, Zuhura atarudi kwa wale wa Nairobi kuomba kiti chake. Kasema mwenyewe.

Kuikamilisha ni kazi nzito. Kaniachia mimi. Anajua kwa nini.

Jumapili, 11 Mei

Nimeifungua programu yake kwenye laptopu ya dukani. Ni draiva, yaani ile inayoifanya chipu ielewane na flashi. Kaigawa tabaka tatu kama nyumba ya ghorofa. Chini kabisa faili amelipa jina Mlango. Flashi ikichomekwa, hubisha hapo. Katikati kuna faili la kupokea na kupeleka tu. Juu ndiko vipimo vinakoandikwa. Maelezo kaandika kwa Kiswahili, mtoto mzuri. Pale Mlangoni kaweka: "Hapa usifanye kazi. Weka alama, rudi."

Ngazi za nini? Mtu abishe chini, apelekwe katikati, apandishwe juu, ndipo aandikiwe. Mimi redio nimezifupishia waya miaka thelathini na zinalia mpaka leo. Nimeichukua kazi ya kuandika huko juu nikaileta Mlangoni. Njia moja, fupi.

Kisha nimeongeza kitu kidogo. Flashi ikiingia, kioo kinaandika FUNDI MKUU ABDALLA. Seremala wa milango ya kuchonga huacha alama yake. Mimi je?

Jumatatu, 12 Mei

Imekwama.

Nimechomeka flashi. Jina langu limetokea, zuri, herufi kubwa. Baada ya hapo hakuna kitu. Vitufe havijibu. Joto limesimama ishirini na saba, hata nikiipulizia feni. Nimezima, nimewasha. Jina. Kimya.

Faili la awali nimeliandika juu yake, sina jingine. Nakala imo kwenye kompyuta ya Zuhura, kompyuta imo sandukuni.



Jumanne, 13 Mei

Hatim kapita bila kuniarifu. Nimeisikia sauti yake kwa jirani, nikaigeuza mashine ikaangalia ukuta.

"Sabalkheri, Fundi. Ile kitu yangu inafanya kazi?"

Nikamwambia inapumzika.

"Mashine nayo inalala mchana?"

"Hizi za kisasa, Bwana Hatim. Lazima zipoe."

Hakucheka. Kasema Ijumaa kabla ya sala atakuja na flashi yake mwenyewe, ataichomeka kwa mkono wake. Watu wa Nairobi wameshampigia simu mara mbili, wanataka kumuuzia yao.



Jumatano, 14 Mei

Nimelifuta jina. Sasa inakwama bila jina. Afadhali jana.

Nimejaribu kuirudisha kazi juu. Sikumbuki mstari upi ulitoka wapi. Nikirudisha huu, ule unakataa. Mvua tangu alfajiri, maji yamejaa kichochoroni, siwezi hata kusimama nje. Duka langu hatua nne kwa tatu. Nimezipima leo, huku na huku, sijui mara ngapi.

Kuna kijana wa duka la simu kule Makadara anayajua mambo haya. Simwendei. Watu wote nimewaambia nilimfundisha mimi. Kwenye kahawa nako siendi, wataniuliza, na Ijumaa iliyopita niliwaambia mashine hii nimeiunda kwa akili yangu na Zuhura alikuwa ananishikia tochi.

Naogopa. Si kwa ajili ya Hatim. Naogopa uso wa yule mtoto akishuka ngazi siku ya saba na kukuta hana kazi.

Alhamisi, 15 Mei

Nimekwenda Majengo. Saa nne asubuhi, mvua, laptopu nimeiviringisha kwa kikoi, kifuani. Mashine kwapani.

Bi Rukia kasimama mlangoni, mkono huku, mkono huku.

"Abdalla, una nini wewe? Siku ya sita hii. Hata babake hajapanda ngazi hizi."

Nikasema nimekuja kusalimu.

"Salamu zimefika. Haya, kwaheri."

Akaanza kufunga. Ndipo nikasema. Kwa sauti, na jikoni kuna wanawake watatu wanamenya vitunguu wananisikia: nimeiharibu mashine ya Zuhura, Hatim anakuja kesho, siwezi kuitengeneza. Kisu kimoja kikasimama. Halafu kikaendelea.

Sanduku kakataa kulifungua. Mpaka siku itimie, kasema, hata ningekuja na kadhi. Lakini neno la mdomo halijakatazwa. Akapanda. Akashuka.

"Anauliza, kazi ya juu umeileta mlangoni?"

Alijua. Hakuuliza nimefanya nini, aliuliza hilo hilo.

"Mwambie ndiyo."

Akapanda. Akashuka, anahema.

"Anasema flashi ikimaliza kuandika hubisha tena mlangoni. Na wewe yule bawabu wa mlangoni umemwita ndani, umempa kalamu, umemwambia asirudi mlangoni mpaka asikie flashi imebisha. Atasikiaje, hayuko mlangoni? Anasema watakaa hivyo mpaka kiyama. Mimi sijui, nasema nilivyoambiwa."

Nikakaa barazani, laptopu magotini, nikaanza. Nauliza, Bi Rukia anapanda, anashuka na jibu. Mstari huu juu. Ule ufute. Katikati usiguse. Safari kumi na moja. Yeye hajui chipu ni nini, wala hakuhitaji kujua. Alichukua neno huku akalifikisha huko.

Safari ya saba nilikuwa sijamaliza kuandika. Nikamwambia ngoja hapa nimalize, nikupe swali jingine papo hapo.

"Nikukalie hapa nikikungoja, wakiniita huko juu atasikia nani? Sema neno lako nende zangu."

Nikaacha kuandika. Nikamtazama.

"Mbona waniangalia?"

"Si kitu, Bi Rukia."

Nikayafuta yote niliyoandika Mlangoni siku zile nne. Nikaweka mistari miwili. Weka alama. Rudi.

Safari ya kumi na moja aliniambia Zuhura anasema jaribu. Nikachomeka flashi. Joto ishirini na saba. Ishirini na nane. Nikaichomoa flashi, nikaichomeka tena, mashine ikaendelea. Nikainama nikajifanya nakaza kiatu.

"Nimwambieje?" kauliza Bi Rukia.

Nikaendelea kukaza kiatu. Kapanda akamwambia analolijua mwenyewe, kisha nikasikia kicheko huko juu.

Ijumaa, 16 Mei

Hatim kaja saa tano. Kaichomeka flashi yake, kaichomoa, kaichomeka, mara tano. Kafungua kompyuta yake akasoma vipimo kimoja kimoja kwa kidole. Vyote vimo.

"Nani ametengeneza hii?"

Nilikuwa na maneno tayari, na ile meli nilikuwa nimeshaileta mpaka mdomoni.

"Zuhura," nikasema.

"Na wewe?"

"Mimi ami yake."

Kaondoka nayo. Ataagiza kumi na mbili. Kwenye kahawa leo nilikaa mwisho wa kiti, wakanidhani naumwa.

Jumamosi, 17 Mei

Fungate imekwisha. Tumekula pilau Majengo. Mvua imeacha. Bi Rukia kalala ukumbini, miguu kaiweka juu ya mto, hakuna anayethubutu kumwamsha.

Zuhura kateremka, hina bado nyekundu mikononi. "Shikamoo, Ami." Nikamwambia habari za Hatim. Akafurahi sana, akakaa nami kidogo, akanimenyea chungwa. Jambo moja hakuniuliza, nami nilimwona akilijua.

Mashine hakuniachia niikamilishe. Ilikuwa imekwisha tangu kabla ya harusi. Ilikuwa ndani ya boksi, utepe pande zote mbili, na juu yake kaandika "Mpe Hatim Ijumaa." Kazi yangu ilikuwa kunyoosha mkono tu.