Wimbo wa Kusaga Bila Jiwe

Goma, Jumanne

Eti mama Nyota amesahau! Ndivyo profesa alivyoandika leo katika daftari lake, huyu muzungu anayekusanya nyimbo za dunia nzima. Mimi ndiye ninayemutafsiria, na nimetembea Kisangani hadi Nairobi. Sidanganywi.

Alitaka mama aimbe wimbo wa kusaga mutama, lakini bila jiwe, kwa kuwa jiwe linakwaruza sauti katika mashine yake ya kunasa sauti. Mama akaanza, akakwama, akaanza tena.

"Papa," akaniambia, "mukono ukilala, wimbo utaamkia wapi?"

Nikamwambia profesa afute lile neno lake la "amesahau".

"Sitwayen, mwananchi wewe, kazi yako kutafsiri," profesa akasema.

"Basi natafsiri: lete jiwe, ao utafute mutu mwingine!"

Kazi hii ndiyo inalisha mke wangu na watoto wetu wanne, na mimi na mdomo wangu...

Jiwe likaletwa. Mama akapiga magoti, akasaga, na wimbo ukatoka wote, hadi bande ya mashine ikaisha yeye bado anaimba.

Profesa akalifuta lile neno mwenyewe. Kesho akinifukuza, anifukuze. Unga wa ule wimbo mama alinifungia, na bugali yake tumekula sisi sita, tukashiba.