Namba Tatu Sikuichukua

Igoma, Mwanza

Dada yangu Kokugonza,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na migomba imepata mvua. Mguu wa mama unaendeleaje? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo imechoka, na walionichosha ni ninyi wanakwaya.

Barua hii inakuja pamoja na mzigo. Simu nimeiacha makusudi, maana kwenye simu ndiko tulikoharibikia.

Mlinituma niwatafutie amplifaya ya gitaa la besi kwa sababu baba amesema besi anaiacha. Masikio yamekwenda, hajisikii akipiga, na hataki kuiharibia kwaya aliyoitumikia tangu hatujazaliwa. Nikasema sawa, tutafute chombo kitakachomfikia. Nikaenda dukani mjini. Muuzaji hakutaka hata kuchomeka waya. "Kaka, video zipo, sikiliza tu." Nikavaa hedifoni, nikasikiliza. Dada, kila video mpigaji anachapa nyuzi kama anafukuza nzi, nyuma yake kuna ngoma na kinanda, mwisho hujui unasikia amplifaya au ujanja wa fundi wa studio. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Siku ya pili nikagomba mpaka wakaniwashia tatu. Nikazipa namba, moja hadi tatu, nikazirekodi kwa simu yangu, nikawatumia. Hapo nilikosea, nakiri. Simu inashusha sauti kubwa na kupandisha ndogo, kwa hiyo zote zikatoka sawasawa. Na ninyi mkazisikiliza kwa kaspika ka simu kasikozidi ukucha, kwaya nzima mmezunguka benchi! Humo besi haimo. Mlichosikia ni vidole vinavyokwaruza nyuzi. Halafu mwenyekiti wa kwaya ananipigia: "Tumepiga kura. Namba Tatu ndiyo yenye nguvu." Nguvu ipi? Hiyo ndiyo iliyokwaruza kuliko zote. Nikamweleza mara tatu, akanijibu, "Wewe Mujuni umekwenda Mwanza juzi tu, leo unatufundisha muziki?" Siku hiyo nilipinda misumari kazini kwa hasira.

Nikakuuliza baba kasemaje. Ukaniambia aliichukua simu, akaiweka sikioni, akairudisha, akaenda kulitundika gitaa lake ukutani. Hilo liliniuma kuliko maneno yote ya mwenyekiti.

Kesho yake nilichukua ubao pale karakana, mpana na mnene kama mbao za jukwaa la kwaya, nikaubeba hadi dukani. Nikaulaza mbele ya amplifaya, nikavua viatu. Muuzaji akacheka: "Fundi, leo umekuja kununua ndala?" Acha acheke. Nikaziba masikio kwa pamba, nikamwashiria apige uzi mnene, pole pole. Namba Tatu haikunifikia hata kwenye kifundo cha mguu. Namba Mbili ilitikisa kioo cha kabati, basi. Namba Moja, ile yenye sura mbaya, mliyosema imezubaa, ilipanda kutoka kwenye nyayo mpaka magotini. Nikakumbuka tulivyokuwa tunalala juu ya lile jukwaa siku za mazoezi, mimi na wewe, baba akipiga. Nikalia mle dukani, na pamba zangu masikioni. Muuzaji hakucheka tena.

Basi nimeichukua hiyo. Kura zenu nimezivunja, na lawama ni zangu peke yangu. Mwenyekiti akifoka mpe barua hii aisome mwenyewe, tena asome kwa sauti.

Nisalimie mama, shemeji, shangazi muuza senene, na mjomba mpiga kengele. Mwenyekiti naye msalimie, hata akikunja uso.

Jumapili ya Mavuno amplifaya iwekeni juu ya jukwaa, nyuma ya kiti cha baba, na gitaa lake mlitoe ukutani. Msimwulize kama anasikia. Mwambieni avue viatu.

Ni mimi mdogo wako,
Mujuni