Tufe Lini Ndipo Pesa Zitoshe

Jumatatu, 3 Machi
Chai, mkate, kazini. Mgongo umeniuma kwenye matatu tangu Dagoretti Corner hadi mjini. Meneja mpya, kijana niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe, ameniuliza mbele ya watu kwa nini nimechelewa. Mwezi wa nane natimiza hamsini, na sheria inaniruhusu kustaafu mapema. Naondoka. Nitafuga ng'ombe watatu kwa baba kule Limuru, basi. Nimechoka na hawa watu.

Alhamisi, 6 Machi
Taarifa ya pensheni imekuja. Si haba, nilidhani. Wamenipa na kikokotoo cha kwenye simu. Unaandika akiba yako na umri wa kustaafu, unaandika mnachotumia kwa mwezi, kisha kinauliza: mtaishi hadi miaka mingapi? Kha! Nimeandika themanini na tano, mimi na mke wangu, Mama Njeri. Ikatokea rangi nyekundu. Haitoshi hata nusu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepunguza nyama. Nimepunguza sadaka, Mungu anisamehe. Nimeondoa michango ya harusi na mazishi, na hapa Woodley hiyo ni kutafuta ubaya na majirani. Bado nyekundu. Basi nikaanza kupunguza miaka. Sabini na tano, nyekundu. Sabini, nyekundu. Mimi hamsini na tisa, mke wangu sitini na tatu. Kijani! Nimeshangilia peke yangu sebuleni. Halafu nikajiona mjinga.

Jumapili, 9 Machi
Tulienda Limuru baada ya kanisa. Baba ana miaka tisini na mmoja na bado anawakatia ng'ombe majani mwenyewe. Ndugu zake wote ni vivyo hivyo. Watu wetu hawafi. Nilipomwambia nataka kurudi nyumbani alifurahi, akanitemea mate kifuani kama tunavyobarikiwa kwetu, akasema niishi kumpita yeye. Wote wakangoja niitikie amina. Kichwani nilikuwa nahesabu miaka arobaini ya kula na kununua dawa. Baba mzazi ananitakia mema, nami naona ananiongezea bili. Nimejichukia.

Jumanne, 11 Machi
Mama Njeri alichukua simu yangu alipie gesi. Amekiona kikokotoo. Ameuliza jambo moja tu. "Hii sitini na tatu ni mimi?"

Nimesema ni hesabu tu.

"Haya." Akaenda kuanua nguo. Hajanisemesha tangu hapo. Nimemzika mke wangu ili nipumzishe mgongo. Sina la kujitetea.

Jumatano, 12 Machi
Ugali umepikwa, umeliwa.

Ijumaa, 14 Machi
Mvua tangu alfajiri. Mama Njeri amenimiminia uji, akakaa karibu nami. Hana hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Baba Njeri, niongezee hata miwili," amesema. "Nataka kulea mtoto wa Njeri kidogo, akipata. Nitakuwa nakula kidogo."

Hakuwa anatania. Nimefungua simu mbele yake, nikaturudisha themanini na tano sote wawili. Mahali pa umri wa kustaafu nikaandika sitini. Tumetazama pamoja.

Bado nyekundu.

Amenishikia koti nikavaa. Nimeenda kazini.